Mkwe Upande wa Pili wa Ukuta

Mume wangu Muamba aliwafundisha watu wa kambi yetu ya wachimba shaba, hapa Kolwezi, kwamba aliye ndani ya Kristo hafungwi na miiko. Alimkemea Kisimba mbele ya darasa zima kwa kukataa kula meza moja na baba mkwe wake. Kisha mama yangu akashuka kwenye treni kutoka Kasai, akabisha hodi kwetu, na mwalimu akatoroka kupitia dirisha.

Si mzaha. Kwetu Waluba, mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni, hali chakula mbele yake, wala hatamki jina lake. Binti yetu tulimpa jina la mama yangu, Ngalula, na tangu azaliwe baba yake hakuwahi kumwita hivyo. Humwita "Mama" tu. Zamani jambo hilo lilinipendeza. Safari hii lilianza kuniudhi.

Mama alikuja kwa haja moja: alitaka kubatizwa kabla hajafa, na kijijini kwake hakukuwa na mwalimu. Mzungu msimamizi wa kambi alimruhusu kukaa hadi mwisho wa mwezi, basi. Mchungaji angekuja kutoka Mutshatsha Jumapili ya mwisho, na desturi ya kanisa letu ilijulikana. Mwalimu husimama kando ya mto na kumwita kwa jina kila aliyemfundisha. Asiyeitwa na mwalimu wake haingii majini.

Muamba akatafuta njia yake. Alisoma Biblia chumbani kwa sauti ya kuhubiri, na mama akasikiliza nje, ameegemea ukuta. Maswali na majibu yalipitia kwangu, nami nikawa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku bukari, ugali wetu, ikiungua jikoni. Nilipolalamika alinijibu kwamba heshima si dhambi. Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Alipotoka mgodini alipita njia ya mbali ili asikutane na mama bombani, akafika nyumbani anahema, akachungulia kila kona kabla ya kuketi.

Siku moja alisoma habari za Petro aliyemwendea Kornelio, ingawa mila yake ilimkataza kuingia kwa mtu wa mataifa. Alisoma vizuri, na alijua anasoma vizuri. Alipomaliza, mama akaniambia polepole:

"Kabedi, uliza mwalimu. Petelo aliingia mu nyumba ya ule mutu, ao alibakia inje?"

Sikuhitaji kuzunguka. Ndani nikasikia Biblia ikifungwa.

Mganga hajigangi. Mchungaji alipofika, Muamba alimwomba kwamba shemasi Mukendi amwite mama badala yake. Mchungaji alikataa: mwalimu mwenyewe ndiye wa kuita.

"Ule alimufundisha njo atamuita," alisema. "Mutu mwingine atamushuhudia namna gani?"

Jioni ile mume wangu hakugusa chakula. Nilimkasirikia na nilimhurumia, yote mawili kwa pamoja. Treni ya kumrudisha mama ilikuwa kesho yake baada ya ubatizo.

Mtoni, mchungaji alisimama majini hadi kiunoni. Muamba akamwita Mwenze, akamwita Kazadi, wakashuka mmoja mmoja. Mama alikuwa wa mwisho, amejifunga kitambaa cheupe, macho chini kama mila inavyotaka. Muamba alipomfikia akanyamaza. Watu wakaanza kukohoa. Kisimba alikunja mikono kifuani, akitazama. Niliomba moyoni, kisha nikaacha kuomba nikaanza kumnung'unikia mume wangu.

Muamba akageuka, akamtazama mama usoni.

"Ngalula," akasema. "Mi njo nilimufundisha."

Mama hakusogea. Aliyeitika ni binti yetu. Alichomoka kando yangu akakimbilia maji, uso umejaa furaha, akimwambia baba yake yuko hapa, tata, yuko hapa. Hakuwahi kuitwa hivyo na baba yake.

Nilimdaka kwa gauni lake.

"Ngoja, mama," nikamwambia. "Leo banaita nkambo yako."

Bibi yake akainua macho, akamtazama mkwewe, akashuka majini.