Kumpeleka Glenda Hazelcombe

Tangu Februari Glenda Tremlett alikuwa juu ya kabati la chumbani, ndani ya kopo la plastiki la rangi ya zambarau, akisubiri maua yachanue. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Siku zake za mwisho hospitalini alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Cliff, mkishanichoma, majivu yangu kayamwage kule msituni Hazelcombe. Lakini ngojea Mei, yale maua yawe yametoka." Mumewe akasema sawa. Angesema nini kingine? Mtu yuko kufani, anakuomba msitu, utamnyima msitu?

Kumbe moyoni Clifford alitaka kubaki naye karibu. Alitaka kumweka kwenye makaburi ya kanisa pale mwisho wa mtaa wao, awe anampitia asubuhi akienda kununua gazeti, amsimulie jirani gani kanunua gari na nani kagombana na nani. Hazelcombe ni mbali, goti lake moja limekwisha, na kuna jambo jingine ambalo maisha yake yote hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote: msitu ule alikuwa anauchukia. Si kwamba haukumvutia, la, anauchukia hasa, toka ujana wake. Anachukia matope yake, na lile giza la mchana kweupe, na maji yanayokudondokea shingoni hata kama mvua imekatika tangu jana. Tena chavua ya miti ile ilikuwa ikimpiga chafya mfululizo mpaka macho yanavimba, na kila mwaka alimwambia mkewe kwamba ni mafua tu, yatapita.

Kila mwaka, ndiyo. Jumapili ya kwanza ya Mei, tangu wakiwa wachumba, ilikuwa siku ya Hazelcombe. Wakati huo Clifford alikuwa kondakta wa basi, na mwenzake kazini akamwambia wasichana wanapenda maua. Basi akampeleka Glenda kuona maua. Binti wa watu akasimama katikati ya mialoni, viatu vyake vipya vimezama topeni, akatazama ule ubuluu wa maua uliotanda chini ya miti mpaka macho yanakoma, akasema, "Pazuri sana."

Mei iliyofuata Clifford akamuuliza, "Twende tena Hazelcombe?"

"Ukipenda," akasema Glenda.

"Wewe je?"

"Mimi popote, mpenzi."

Ikawa imetoka hiyo. Watu wa huku, jamani! Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Clifford akajua mke wake anaupenda msitu ule kufa, na mume mwema akashona mdomo. Jioni wakirudi, Glenda alikuwa akiegemeza kichwa kwenye kioo cha gari na kufumba macho, haongei mpaka nyumbani, naye Clifford akiendesha taratibu asimsumbue. Alikuwa akijisemea moyoni, huyu leo ameshiba furaha. Kwa ajili ya sura ile iliyotulia alikubali chafya na matope, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huu aliendesha binti yao, Rowena, aliyekuja kutoka Bristol usiku wa kuamkia siku hiyo. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokunyeshea bali inakulowesha. Rowena alikuwa ametengeneza sandwichi za mayai na kujaza chupa ya chai, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Baba, umefunga mkanda?"

"Nimefunga. Na mama yako nimemfunga." Kopo lilikuwa mapajani mwake, mkanda umepita juu yao wote wawili.

Rowena alitaka kucheka, ikashindikana. Alikuwa na uso wa mtu mwenye neno tangu asubuhi, na Clifford aliuona, lakini katika nyumba ya akina Tremlett mtu mwenye neno huachwa mpaka aliseme mwenyewe. Wasipolisema, basi.

Waliegesha gari, wakavaa gambuti, wakaingia. Maua yalikuwa yametoka kwelikweli. Chini kote kulikuwa buluu, vikengele vya maua hayo vimeinamisha vichwa kwa uzito wa maji, na harufu yake tamu imejaa mpaka inakera. Kabla hajafika hata kwenye kidaraja Clifford alikuwa ameshapiga chafya, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akangoja mtu amwambie "afya," kama mkewe alivyozoea. Hakuna aliyesema. Ndipo kifo cha mkewe kilipomwingia upya, pale kwenye kidaraja, na machozi yake akayaunga na ya chavua ili binti asijue.

Mahali pao palikuwa penye mwaloni ulioanguka, ndani kidogo, nje ya njia. Wakaacha njia wakaingia kwa kunyata, wakitafuta pa kuweka miguu. Clifford akalishika kopo kwa mikono miwili. Alikuwa na maneno yake. Alikuwa ameyafanyia mazoezi bafuni akinyoa ndevu, wiki nzima: kwamba amekuwa mke mwema, kwamba nyumba sasa haina sauti, na kwamba amemleta mahali alipopapenda kuliko pote duniani, kama alivyoahidi.

"Baba," akasema Rowena. "Kabla hujamwaga. Kuna kitu Mama aliniambia, na sijui kama..."

"Samahani! Samahani sana jamani!"

Aliyepaza sauti alikuwa mwanamke amesimama njiani, wa makamo, koti la mvua la kijani, na mbwa kwenye kamba. "Sipendi kabisa kuingilia mambo ya watu, lakini mmetoka njiani. Hayo maua mkiyakanyaga, mwaka ujao hayatoki. Watu wanaingia humo kupiga picha, wanayalaza chini utadhani ng'ombe wamepita!"

"Samahani, mama," akasema Clifford, masikio yamemwiva. "Tulikuwa tu..."

"Pameandikwa pale mlangoni. Sijui kwa nini wanajisumbua kuandika."

"Ni kweli. Samahani. Tunatoka sasa hivi."

Hapo yule mwanamke akaliona kopo. Mtu wa umri ule kopo kama lile analijua, hahitaji kuelezwa. Mkono ukamwenda mdomoni. "Oh! Mungu wangu. Poleni. Poleni sana. Endeleeni tu, mimi sijaona kitu."

Lakini hakuondoka. Kuondoka aliona ni utovu wa adabu, kwa hiyo akabaki palepale njiani, kichwa ameinamisha, mvua inamtiririkia puani, anamshika mbwa ukosi ili asibweke. Alisimama kwa heshima zote. Na ile heshima yake ndiyo iliyoharibu kila kitu, maana Clifford angewezaje kuagana na mke wake huku mtu asiyemjua anamsubiri amalize? Aliona aibu. Alimwona yule mama analowa kwa ajili yake, akaona vibaya kumchelewesha. Maneno yote ya bafuni yakamtoka kichwani.

Akazungusha mfuniko. Akamimina kwa mkupuo mmoja, kama anayemwaga maji ya kufulia. Majivu hayakupeperuka popote, yalianguka kwa uzito wake, fungu la kijivu juu ya buluu, mvua ikaanza kulikandika hapohapo.

"Haya, Glenda," akasema. Ikawa ndiyo hotuba.

"Amepata mahali pazuri sana," akasema yule mwanamke kwa upole.

"Asante. Asante sana kwa kusubiri."

Akaondoka na mbwa wake. Asante kwa kusubiri! Mtu amekatizwa mazishi, anashukuru.

Walikaa juu ya ule mwaloni ulioanguka. Rowena akamimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu kwenye gambuti. Clifford alikula sandwichi bila kuionja, huku anayatazama yale majivu yakigeuka uji. Jambo moja alijiliwaza nalo: mwenye msitu wake ameupata.

Rowena akajipangusa macho. "Si kitu, Baba. Angalau utakuwa ukija kumwona mahali unapopapenda."

"Nani anapapenda?"

"Wewe."

"Mimi?" Clifford akaweka kikombe chini. "Mama yako ndiye aliyekuwa akipapenda. Mimi nilikuwa namsindikiza tu."

Rowena akamtazama, na rangi ikamtoka usoni. "Baba, usinitanie."

"Nikutanie leo?"

"Mama alikuwa hapawezi huku. Hiyo harufu ya maua ilikuwa inampasua kichwa. Akirudi nyumbani anameza dawa na kulala. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Baba yako hana starehe nyingine, mwache na msitu wake.'"

Clifford aliwaza kile kichwa kilichoegemea kioo cha gari. Aliwaza yale macho yaliyofumbwa, na yeye akiendesha taratibu, amejaa fahari kama jogoo kwa kumfurahisha mkewe.

"Lakini aliomba mwenyewe aletwe," akasema. "Hospitalini. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Aliomba kwa ajili yako! Alisema, 'Niwekeni Hazelcombe, ili Cliff akija kwenye raha yake anikute.' Ndicho nilichotaka kukwambia pale, uangalie kama kweli ndivyo unavyotaka. Halafu yule mama akatokea, na... na nikaona vibaya kusema mbele za mgeni."

"Yeye alitaka wapi?" Clifford akamgeukia. "Kama si kwa ajili yangu. Angetaka wapi?"

"Pale kanisani, mwisho wa mtaa. Alisema ukipita na gazeti lako angekusikia."

 Clifford alishuka kwenye ule mti, akapiga magoti topeni, hata lile goti bovu, akaanza kuyazoa majivu kwa viganja kuyarudisha koponi. Yalikuwa yameshashikana na udongo na majani. Kila alichokiinua kilikuwa matope, na maua yaliyovunjika, na kijivu kidogo kisichojulikana ni Glenda au ni nini. Alizoa, akamwaga chini, akazoa tena, akipiga chafya huku analia waziwazi, mtu mzima wa mvi. Mwishowe Rowena alimshika mabega.

"Baba, basi. Hayatoki."

"Nilimharakisha," akasema. "Nilimwaga mke wangu haraka ili mwanamke nisiyemjua asilowe."

Walibaki hivyo, mvua inawanyeshea. Kisha Clifford akajifuta mikono kwenye suruali na kusema, bila kuinua uso, "Siku yangu ikifika, nilete hapahapa."

"Lakini si umesema hupapendi!"

"Sipapendi hata kidogo. Sasa nitamwachaje peke yake? Kaja huku kwa ajili yangu."

Rowena akaifunga chupa ya chai. "Ukipenda, Baba."

"Usiniambie 'ukipenda'!" Alipiga kelele, ndege wakaruka. Rowena hakuwahi kusikia sauti ile. "Mama yako aliniambia 'ukipenda' mpaka amekufa. Wewe unataka nini? Sema!"

"Sitaki!" Rowena naye akafoka, machozi na makamasi pamoja. "Sitaki kuwaweka hapa wote wawili, halafu niwe nakuja kila Mei kusimama kwenye tope na kusema ni pazuri! Sipapendi. Sijawahi kupapenda, tangu mtoto. Nilikuwa nakuja kwa sababu yenu."

Clifford akamtazama binti yake. Wote watatu, basi. Wote watatu na chupa yao ya chai, miaka yote ile.

"Basi usije," akasema kwa upole. "Ukishanimwaga, uende zako nyumbani. Mimi na yeye tutajuana."

Rowena alimwinua. Walirudi njiani polepole, wameshikana mikono, safari hii bila kuangalia wanakanyaga nini. Kopo tupu lilibaki juu ya mwaloni, Rowena akalirudia, maana takataka haziachwi msituni.

Garini Clifford aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Rowena akaendesha taratibu. Walipofika barabara kubwa alimtupia jicho.

"Baba, uko salama?"

Jibu alikuwa nalo mdomoni, lile la siku zote, niko salama mwanangu, usijali. Akalimeza.

"Hapana," akasema. "Siko salama."