Inchi ya Kushonea

Mpwa wangu ana akili. Hilo nalisema mapema, asije akadai baadaye kwamba shangazi yake alimchafulia jina. Yuko mwaka wa tatu wa uhandisi, na mtaa mzima unamwita Injinia tangu siku alipoifufua feni ya saluni ya jirani kwa kijiko na kipande cha waya. Lakini mwambie asalimie watu wawili waliokaa benchi moja! Atamsalimia wa kwanza, halafu wa pili atamkodolea macho mpaka mwenyewe aanze.

Mwaka jana somo la Mawasiliano lilimwangusha. Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi ajabu: simama mbele ya walimu, jitambulishe, sema wapi unaweza na wapi unapwaya unapowasiliana na watu, dakika tano. Yeye alisimama, akataja jina na namba ya usajili, akasema "Asanteni", akakaa. Sekunde kumi na moja. Mwalimu alizihesabu.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito zaidi. Kampuni inayojenga daraja ilitoa nafasi moja tu ya mafunzo kazini, miezi sita, na injinia wao mkuu angekuja mwenyewe kuwasikiliza wanafunzi watano wakijieleza kwenye mtihani ule ule. Atakayemridhisha ndiye atakayekwenda. Na huyu mtoto wetu madaraja ni ugonjwa wake tangu yuko darasa la pili, alipokuwa akichelewa shule kwa kulala kifudifudi mferejini akichungulia mbao za kivuko zimeshikwa na nini. Akianguka tena, somo analirudia na daraja analipata mwingine.

Anakaa kwangu, chumba cha nyuma ya duka, maana kaka yangu na wifi wako mbali na chuo. Akiwa hana vipindi ananiandikia vipimo. Mimi napima na kuita namba, yeye anaandika daftarini. Sheria ya dukani ni ile niliyofundishwa nami nilipokuwa najifunza kazi: anayeandika airudie namba kwa sauti kabla ya kuiandika. Nikisema "Mabega, kumi na nane," nataka kusikia "Kumi na nane." Injinia yeye anatikisa kichwa kukubali.

"Rudia!"

"Shangazi, nimesikia."

"Sikukuuliza kama umesikia."

Basi atairudia hiyo moja, uso umekunjamana utadhani kapewa kwinini, na namba inayofuata ni kichwa tena. Mjusi ana nafuu.

Jumatatu ya wiki ile tulipima wateja sita. Wa tano alikuwa Nesi wa zahanati ya barabara ya pili, aliyetaka sare mpya nyeupe. Wa sita alikuwa Injinia mwenyewe, koti la kwendea kujitambulisha. Nilimpima huku kashika daftari lake, namtania kwamba kifua kimeanza kuwa cha mume wa mtu. Akaona haya, akaandika.

Kesho yake alinisomea alichokitunga. Alisimama kati ya cherehani na meza ya pasi, karatasi mkononi. "Uwezo wangu mkubwa ni usahihi. Udhaifu wangu ni kwamba najituma kupita kiasi."

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. "Unajituma? Wewe? Sahani yako ya jana bado imelowekwa kwenye beseni!"

"Ndivyo wanavyosema wote, shangazi."

"Udhaifu gani huo unaotaka kupigiwa makofi? Sema ukweli, mwanangu, au kaa kimya kama mwaka jana."

Hilo la mwaka jana sikupaswa kulisema. Alinuna mpaka jioni. Mimi nikianza kuchokoza sina breki, najijua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Saa nne asubuhi Nesi akatokea mlangoni amevaa sare aliyoichukua jana yake, kaitanua mikono yote miwili.

"Fundi, humu tunaingia mimi na mgonjwa. Na kitanda chake."

Aibu gani ile! Miaka ishirini nakata nguo. Nikamwita Injinia ajaribu koti lake haraka. Mikono ilizama, vidole tu ndivyo vilivyochungulia, mabega yakamwangukia huku na huku. Nikalivuta daftari.

"Mabega kumi na tisa? Tangu lini?"

"Ni kumi na nane, shangazi. Kumi na tisa ni pamoja na inchi ya kushonea."

"Inchi ya kushonea naiongeza mimi nikikata!"

"Nilitaka kukupunguzia kazi. Niliijumlisha kichwani. Kwa Nesi na kwangu tu, hao wengine wazo lilikuwa halijanijia."

"Ukaniambia?"

Alitazama kiatu chake. "Nilidhani utaona tu."

"Jamani," Nesi akasema, "hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, lakini..." Alikuwa anajizuia kucheka, na hilo likaniudhi zaidi.

Zamu ya Nesi ilianza saa saba, na sare ya zamani ilikuwa imechanika kwapani. Koti lina bitana ndani, huwezi kulifumua na kulirudisha kwa muda wa saa tatu huku unapunguza na sare. Ilibidi kuchagua moja. Mkono wangu ulikwenda kwenye koti wenyewe, sifichi. Damu ni damu.

"Hapana, shangazi," Injinia akasema. "Nesi ni mteja. Kosa ni langu, koti nitalivaa hivi hivi." Akavuta kigoda, akaichukua sare, akaanza kuifumua mshono mmoja mmoja. Sikuwahi kumsikia akitoa sentensi tatu mfululizo bila kuvutwa.

Nesi aliondoka na sare inayomkaa. Koti nikalibana kwa pini mgongoni, kumi na nne, kutoka shingoni hadi kiunoni. Kwa mbele likakaa, akapendeza kweli.

"Ukiingia usigeuke," nikamwambia. "Ukimaliza, toka kinyumenyume."

Nilifunga duka nikaenda naye chuoni, pini za akiba mkobani. Waliniweka kwenye benchi la korido, na mlango wa chumba ukaachwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo niliona na kusikia kila kitu. Wanne walimtangulia. Watatu kati yao wanajituma kupita kiasi. Injinia mkuu, mama wa makamo aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, alikuwa anachora maua pembeni mwa karatasi yake.

Mpwa wangu akasimama mbele. Akataja jina. Akataja namba ya usajili. Kisha kimya. Nikajikuta nahesabu: nane, tisa, kumi, kumi na moja. Nikasema basi, kwisha, na ni mimi niliyemwambia akae kimya.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akawageuzia mgongo.

Nilifumba macho.

"Hizi pini ni kumi na nne," nikamsikia akisema, sauti inagonga ukuta. "Zipo kwa sababu mimi nikishapata jibu kichwani, nasahau kwamba wenzangu hawamo humo kichwani." Akageuka tena, akawaeleza yote: daftari, inchi, sare ya Nesi. "Naweza kuchora kitu mtu akakielewa. Mtu akiongea namwacha amalize. Hapo siogopi. Pabovu ni hapa: natikisa kichwa badala ya kurudia nilichosikia, na naibadilisha kazi ya mwenzangu bila kumwambia, eti namsaidia. Nguo inafumuliwa. Daraja..." Hakuna aliyecheka.

Injinia mkuu aliweka kalamu chini. "Shangazi yako alisemaje?"

"Aliniuliza, ukaniambia? Nikamjibu nilidhani ataona tu."

"Na mimi nikikuita kipimo juu ya nguzo, upepo unavuma, mafundi wote wanakutazama?"

"Nitakirudia kwa sauti. Hata wakinicheka."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Alinifundisha miaka mitatu, mimi ndiye niliyekuwa sishiki. Yule pale, mwenye mkoba."

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Mimi, ninayeongea tangu kunakucha, mimi ninayewajibu wateja na pini mdomoni, nilitafuta neno nikalikosa. Nikatikisa kichwa. Mjusi mtupu.

Majina yalibandikwa Ijumaa. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake. Nilipiga vigelegele mpaka jirani wa saluni akatoka na kitana mkononi, nikamwambia huyu ndiye wa kijiko na waya, mnamwona?

Jumamosi nikalifumua koti lote ili nilikate upya, maana Jumatatu anaondoka na daraja liko safari ya siku nzima. Nikamsimamisha na daftari lake.

"Mabega, kumi na nane."

"Kumi na nane. Sijaongeza kitu."

"Kifua, thelathini na nane. Cha mume wa mtu."

"Thelathini na nane, shangazi. Hayo mengine siandiki."

Nilikuwa nimemzungushia futi ya kupimia kifuani, na sikuitoa. "Nyumba itakuwa kimya," nikasema.

"Kimya vipi, na mimi huwa sisemi?"

"Ndiyo hivyo hivyo." Miaka mitatu nimemtania asubuhi na jioni, na neno lenyewe sikuwahi kumpa, nikidhani ataona tu. "Nitakukumbuka, mwanangu. Sana."

Hakutikisa kichwa. Aliishusha penseli, akakohoa kidogo.

"Nitakukumbuka sana," akarudia kwa sauti. "Sijaongeza kitu."

Nikamwambia asimame wima, mkono bado sijapima.