Mgongo wa Dobi

Dobi alikuwa anaanika mashuka ya nyumba ya wageni alipoona maji yanachuruzika tena kwenye ufa wa tuta. Tuta lenyewe ni la udongo. Nyuma yake kuna bwawa la majitaka ya mji mzima, na chini yake kuna nyumba ya dobi, ambamo binti yake mjamzito alikuwa amelala. Manispaa walishaambiwa mpaka midomo ikauma. Walichofanya ni kuja kusimika kibao: MARUFUKU KUOGELEA. Kuogelea, jamani! Kwenye vinyesi vya watu!

Akapanda tutani, akaegemeza mgongo kwenye ufa. Maji yakakata. Akiinuka, yanatoka, akiegemea, yanakata. Basi akakaa.

"Mama, shuka ule," binti aliita.

"Niletee hukuhuku. Na ugeuze hayo mashuka."

Kesho yake akaja mhandisi wa manispaa. Alipapasa pale udongo ulipokutana na bega la dobi, akaridhika.

"Umeziba vizuri, mama. Kaa hivyohivyo, kifusi kiko njiani."

Kikawa njiani msimu mzima wa mvua. Kilichofika ni kizibao cha kung'aa, ili gari la taka lisimgonge likirudi nyuma. Nyasi zikamwota mabegani. Wafyekaji walimfyeka pamoja na tuta, ila walikuwa na adabu, walimwomba kwanza afumbe macho. Meya akaja na wapiga picha, akakata utepe, akausifia ukarabati. Mkono wa kulia wa dobi ulikuwa umeshakuwa udongo, kwa hiyo akampa wa kushoto. Meya akaushika, kisha akajifuta kwa leso mbele yake, hana hata haya.

Binti akajifungua mtoto wa kike. Alipompandisha tutani, bibi alimnusa utosini, akalia.

"Waambie wanitoe, mwanangu. Nimechoka. Sitaki shukrani yao, nataka kumwogesha mjukuu wangu."

Binti akaenda manispaa na mtoto mgongoni. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka maofisini na vikombe vyao vya chai mkononi.

"Mama yangu si kifusi! Mnamtoa lini?"

Wakamwambia aende nyumbani, suala lake limefika pazuri.

Na kweli, wiki hiyohiyo mhandisi akabisha hodi, futi kamba mkononi. Binti akampa kiti kizuri, akamshukuru kwa kuja. Mhandisi alieleza kwamba kumetokea ufa mwingine upande wa pili wa tuta, mwembamba kidogo kuliko ule wa kwanza.

"Na mama yangu?"

"Mama yako hana tatizo, anafanya kazi nzuri sana." Akaivuta futi kamba. "Hebu geuka, dada. Mshushe mtoto kwanza, anatuharibia vipimo."