Mpini Uliosuguliwa

Mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, mlinzi alipitisha ukanda mwembamba wa plastiki ndani ya bastola ili isiweze kufyatuka, kisha akamrudishia Wendell Kratzer. Wendell aliipokea kama apokeaye mtoto mchanga. Nyuma yake alifuata dada yake Lorene, ameshika vikombe viwili vya kahawa.

"Leo ndiyo leo," Wendell alisema. "Miaka arobaini wananiita mpanda farasi wa mdomoni. Mtaalamu atawafunga midomo."

Kila mwaka, tarehe nne ya Julai, familia ilipokusanyika kwenye shamba lake huko Nebraska, Wendell alisimulia jinsi babu wa baba yao alivyoibeba bastola ile ya risasi sita katika jeshi la wapanda farasi. Na kila mwaka Trent, aliyemwoa binti yake Marlys na kulima na mzee shamba lile, aliuliza huku akigeuza nyama juu ya makaa, "Na farasi mwenyewe, mzee, alikuwa wake au wa kuazima?" Watu waliangua kicheko. Wendell naye alicheka, lakini Lorene, aliyemjua tangu utotoni, aliona jinsi masikio yake yalivyoiva.

Mtaalamu aliitwa Hollis Buckner, mtu mnene mwenye miwani puani na nyingine kipajini. Kwanza alikagua matundu yote sita, moja baada ya jingine, ingawa ukanda wa plastiki ulikuwapo. Kisha akasoma namba ndogo zilizogongwa kwenye chuma: tumboni, kwenye silinda, na nyuma ya mpini.

"Zinakubaliana zote," alisema. "Hizi sehemu ni ndugu wa tumbo moja. Hii ilitengenezewa jeshi, mzee, wala si ya kuigiza."

Wendell alimgusa dada yake kwa kiwiko. "Umesikia hiyo?"

Bwana Buckner hakutabasamu. Aliigeuza bastola kwenye mwanga, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Nani aliisafisha?" aliuliza.

Lorene alirudi nyuma hatua moja na vikombe vyake vya kahawa.

"Kuna ubaya gani?" Wendell alisema. "Si inang'aa?"

"Ubaya ni huko kung'aa. Chuma cha umri huu kinatakiwa kiwe na rangi ya kahawia, kama ganda la kiazi. Hiki kimechunwa ngozi. Na hapa kwenye mti palikuwa na muhuri wa mkaguzi wa jeshi. Mtu amepapiga msasa, akapaka vanishi kama kiti cha sebuleni. Ingekuwa kama ilivyokuwa, ningekutajia dola elfu kumi na nne bila kupepesa macho. Sasa ni elfu mbili, na mnunuzi awe na huruma."

"Siuzi mimi. Nataka kujua ilikuwa ya nani."

"Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Askari wengine walichonga herufi ya kikosi chao na namba chini ya mpini. Hapakuwa na alama?"

"Palikuwapo!" Wendell alisema kwa sauti iliyowageuza watu wa meza ya jirani. "Baba alikishika kidole changu gumba na kukipitisha pale. Nilidhani ni mikwaruzo tu."

"Basi mikwaruzo hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi wako," alisema Bwana Buckner kwa upole, na kuilaza bastola juu ya kitambaa.

Lorene alijaribu kuikumbuka herufi ile. Alichokikumbuka ni furaha yake tu, pale mpini ulipokuwa laini baada ya kuusugua mara tatu.

Yalitokea miaka miwili nyuma, Wendell alipolazwa hospitali wiki tatu kwa ajili ya nyonga. Lorene alibaki kuitunza nyumba. Mama yao aliwalea wakijua kwamba sahani ya jirani hairudi chafu wala tupu, na kwamba mtu anayetangaza wema wake ameshalipwa. Basi alipoikuta bastola ndani ya taulo, imefubaa na mpini wake una weusi wa mikono ya watu waliokwisha kufa, aliona ni aibu kumwachia mgonjwa kitu katika hali ile. Alisugua chuma kwa waya wa sufuria, mpini akaupiga msasa na kuupaka vanishi alivyovikuta bandani, akairudisha bastola kwenye taulo na kunyamaza. Macho ya Wendell wakati ule yalikuwa na mtoto wa jicho, na yalipotibiwa baadaye alidhani ni kuona kwake vizuri ndiko kulikoing'arisha. Hakuuliza lolote, na Lorene, kusema kweli, aliumia kidogo kwamba hakushukuriwa.

"Trent," Wendell alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiingia kulisha ng'ombe. Alikuwa na funguo."

"Hata mimi nilikuwa nazo," Lorene alisema.

"Wewe? Wewe hujui hata msasa unauzwa wapi."

Huo ndio ulikuwa mlango wa kukiri, nao ulikuwa wazi kabisa. Lorene alitazama kahawa yake. Wendell alikuwa ameshatoa simu na kusogea penye ukuta, na kutoka pale mezani dada yake alisikia kila neno. "Umenicheka ukaona haitoshi, ukaenda kuufuta na ushahidi! ... Usinijibu! ... Masika yakija, utafute shamba la kulima kwingine."

Alirudi ametoa jasho. Lorene alimpa kahawa. Ilikuwa imepoa, naye aliinywa yote.

Walikwenda maili kumi na mbili ndani ya gari. Walipofika kwenye maghala ya nafaka, Lorene alisema, "Simamisha gari, kaka."

"Unaumwa?"

"Ni mimi niliyeisugua. Trent hakuigusa kamwe."

Wendell aliegesha pembeni, akazima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Nimekuuliza saa ile, au sikukuuliza?"

"Hukuuliza. Ila nilikusikia ukimfukuza kijana wa watu, nikaishia kutazama kahawa."

"Kwa nini ulinyamaza, Lorene?"

"Nilitaka uendelee kuja kula kwangu Jumapili."

Alingoja ukali, maana alijua kuupokea. Haukuja. Wendell alitazama mahindi yaliyokatwa, akajipangusa pua kwa kiganja kama mtoto.

"Ile herufi uliiona?"

"Niliiona nikadhani ni uchafu. Siikumbuki. Nimejaribu kule ukumbini, nimejaribu njia nzima."

Wendell alitikisa kichwa polepole. Kisha akabonyeza simu na kumkabidhi ikiwa inaita.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi sina uso wa kumwambia."

Iliita mara nne.

"Vipi, mzee," ilisema sauti ya Trent, imechoka, "kuna tusi umelisahau?"

"Si mzee," alisema Lorene. "Ni shangazi yako. Naomba ukae chini, na umwite Marlys naye asikie."