Gari Lililoingia Konani

Mzee wa Bendera alitoka katika ukoo wa watu walioaminiwa na magurudumu. Babu yake alikuwa seremala wa mikokoteni, na haikusikika hata siku moja kwamba mkokoteni uliotoka mikononi mwake ulichomoka gurudumu njiani. Baba yake alikuwa msimamizi wa karakana ya garimoshi, na wakubwa walimvulia kofia, si kwa cheo bali kwa neno lake: akisema breki ni nzima, basi ni nzima. Yeye mwenyewe alikuwa mshika bendera wa kona ya nyuma katika uwanja wa mbio za magari, na hakuna aliyepata kumwona akiishika bendera ile kilegevu.

Uzito wa neno la ukoo huo mjukuu wake wa kike, mhandisi wa uwanja uleule, aliujua vyema alipoingia Jumapili hiyo mchana na michoro kwapani.

Alimkuta babu yake mbele ya televisheni, mbio zimepamba moto, sauti imezimwa kabisa. Ndivyo alivyozitazama siku zote. Mjukuu akamtania kwamba hayo si mashindano, ni samaki ndani ya tangi. Mzee akaguna, akamwonyesha kiti, kisha akaanza lawama zake za kila wiki: mshindi hujulikana tangu Jumamosi, magari yakipangiwa nafasi za kuanzia, dereva huambiwa redioni wakati wa kukimbia na wakati wa kutunza matairi, kama mtoto anayevushwa barabara, na magari yenyewe hufuatana tu, hakuna la kumpita mwenzake, mithili ya…

"Msafara wa harusi," mjukuu akamalizia. "Tena bibi harusi hayumo."

Mzee alicheka, lakini kicheko kilimkatika aliposikia yaliyofuata. Mjukuu alieleza kwamba maneno hayo aliyapeleka kwenye kikao cha wakubwa wa uwanja, akamtaja na mwenye maneno, nao wakacheka hadi wakashika mbavu. Watazamaji wanasinzia makochini, walisema, na majukwaa yanabaki matupu. Ndipo ikatolewa rai ya kuifungua upya kona ya nyuma, ile nyembamba yenye ukuta wa mawe, ambayo dereva huiingia asione mbele, na ambayo ilifungwa enzi za mzee. Mhandisi mkuu alitaka jambo moja tu: mshika bendera wa zamani akiikubali, kazi inaanza kesho, akiikataa, michoro inarudi kabatini. Na kazi hiyo angeiongoza yeye mjukuu, kazi yake ya kwanza kubwa.

"Ni wewe uliyesema mbio hazisisimui, Babu," alisema. "Mimi nimekusikiliza tu."

Mzee aliitazama michoro. Baba yake hakutoa neno kabla hajainama akaigusa breki kwa kiganja chake mwenyewe. Yeye alikuwa amelimwaga neno la ukoo pale kochini kama maganda ya karanga, na sasa watu walikuwa wakijenga juu yake. Akaomba kofia na fimbo. Kibali cha kona, alisema, hakitolewi sebuleni.

Mjukuu alilifungua lango kwa funguo zake. Siku hiyo mbio zilikuwa katika uwanja mwingine, na huu ulikuwa mtupu, hapakuwa na gari hata moja ndani. Waliikuta kona imepasuka lami, nyasi zimeota katika nyufa, ukuta wa mawe ungali umesimama. Mzee alipanda hadi mahali pake pa zamani, nyuma ya tuta la udongo, ambapo mtu hauoni ukuta ule kabisa. Akamweleza kazi ilivyokuwa. Hapo mshika bendera haoni, anasikia. Gari hushusha gia likiingia, hupandisha likitoka. Ukisikia imepanda, unapumua. Usiposikia, unainua bendera ya njano kuwaonya wanaofuata, wala huulizi kwanza ni nani.

Mjukuu alijua kwamba mdogo wake babu, aliyekuwa dereva, alifia mbioni. Mahali hakuwahi kutajiwa. Sasa hakuhitaji kutajiwa.

"Nyamaza kidogo," mzee alisema.

Upepo ulipapasa nyasi. Kisha, kutoka upande wa njia iliyonyooka, ukaanza mngurumo. Mjukuu aligeuza shingo kumtafuta huyo aliyeingiza gari bila ruhusa. Mngurumo ulikua, ukawapita chini ya tuta, na barabarani hapakupita kitu. Ukashuka gia, ukakohoa, ukashuka tena.

Wakangoja.

Mjukuu alijikuta ameinama mbele, pumzi ameibana, kana kwamba angeweza kulisukuma gari lile kwa kifua chake lipandishe gia. Halikupandisha. Alipomtazama babu yake, mkono wa mzee ulikuwa tayari juu, umeshika kitambaa cha mfukoni kwa ncha, haukutikisika.

"Limekohoa," mjukuu alinong'ona. "Kati ya gia na gia."

"Kabureta yake ndivyo ilivyokuwa. Hakuna jingine lililokohoa hivyo." Mzee aliushusha mkono taratibu. "Huingia kila Jumapili. Nazima sauti ili nisimsikie, naye huingia vilevile. Kutoka, sijamsikia akitoka."

Mjukuu aliuliza kwa sauti ndogo ni kwa nini basi anazitazama mbio hizo anazozilaumu.

"Nangoja magari yatoke konani. Yakitoka yote, ndipo naanza kulaumu. Huo usingizi wa kochini mnaoulalamikia, bibie, mimi niliuomba nikiwa nimesimama hapa, nikaunyimwa."

Mjukuu aliikunja michoro. Karatasi ya juu ikachanika. Akasema wakubwa watamcheka, na kazi hiyo huenda asiipewe tena.

"Wacheke," mzee alijibu, akarekebisha kofia yake kama mtu aliye kazini. "Waambie mshika bendera amekataa, na walitupie jina langu lawama zote. Lakini wewe na vijana wenzako, kabla hamjachora mstari mwingine wa kumsisimua mtu, njooni msimame hapa kwanza. Mfunge midomo, msikilize. Mnanisikia? Msikilize mpaka mwisho."