Simu ya Mama Ilisema Alhamisi

Mama yangu alihesabu wiki za wajawazito kwa miaka thelathini. Alikuwa mkunga, na tarehe hazikuwahi kumpiga chenga. Kwa hiyo Jumatano, nesi wa kliniki ya macho aliponipigia nikiwa kazini, mkasi mkononi, akaniambia mama amefika kwa miadi ya Jumatatu ya wiki iliyopita na anashikilia kwamba leo ndiyo hiyo Jumatatu, nilikaa juu ya robota la vitambaa.

Haikuwa mara ya kwanza. Jumapili alikuwa amenipigia kunitakia kazi njema, nami bado nipo kitandani. Siku ile nilimcheka.

Nikampigia kaka. Kaka yangu mkubwa huamua mambo haraka, hasa yasiyomhusu.

"Akili imeanza kumtoka," alisema. "Macho yenyewe ndiyo hayo, siku zinampotea, na anawasha jiko peke yake. Jumamosi naja kumchukua, nitakaa naye kwangu. Vile vyumba mwenye nyumba apewe vyake."

Nilibisha, nikabisha tena kwa sauti ya chini, kisha nikakata simu. Mama alivipenda vile vyumba viwili pengine kuliko alivyotupenda sisi. Alijua kwa vidole kila msumari na kila kikombe. Jioni ile nilipita kwake nikachukua ufunguo wa mlango, eti nikauchongeshee mwenzake. Ukweli ni kwamba bila ufunguo asingetoka, maana hawezi kuacha nyumba wazi. Alinipa bila kuuliza kitu, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mama huuliza hata bei ya kiberiti.

Siku mbili zilizofuata kiwandani nilikata kola za upande mmoja tu. Msimamizi alinionyesha rundo lake, nikamwambia aniache kidogo. Sikuelewa kitu. Ukikaa na mama, alikuwa mama yule yule: alinisuta kwa viatu vyangu, alikumbuka uzito wa kila mtoto wa mtaa aliyemzalisha. Ukimuuliza leo ni siku gani, anaweka simu sikioni, inamnong'oneza, halafu anakupa siku isiyokuwepo bila wasiwasi. Mimi nilidhani anaisikia vibaya, au haisikii kabisa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta anakunja kanga zake ndani ya begi. Hakulia.

"Mama yako mdogo kaninunia," alisema. "Wiki mbili hajanitumia hata salamu moja ya sauti. Kama naondoka, niondoke na simu inayofanya kazi. Ipeleke kwa fundi."

Nilijisikia vibaya, kwa sababu fundi wa simu ile ni mimi. Ni mimi niliyempangia: picha yangu kona ya juu kushoto, kidole gumba kinapoangukia, kaka kulia, jirani chini. Hasomi tena, anakwenda kwa mahali. Lakini salamu zilizokataa kuingia zilinishinda, nikaipeleka kwa fundi wa kwenye kona, mtu mzima mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani.

Aliitazama muda mfupi tu.

"Salamu haziingii kwa sababu simu iko nyuma siku tisa. Nani kairudisha tarehe?"

Nilifungua mdomo kusema sijui. Kisha nikamkumbuka Bwana Pasi.

Bwana Pasi ndiye anayenyoosha sare pale kiwandani kwetu, na kila jambo analijua yeye. Mwaka jana simu ya mama ilijisasisha, ikamvurugia picha zote. Siku nzima alikuwa akimpigia mwenye nyumba akidhani ni mimi. Mwezi huu ilipotangaza kwamba itajisasisha tena tarehe nane, nilimlalamikia Bwana Pasi. Akasema, "Irudishe tarehe nyuma tu, dada. Siku hiyo haitafika." Nikaona huo ndio ujanja. Nilipita kwa mama, nikairudisha, nikanywa chai yake, nikaenda zangu. Na nikasahau kabisa.

"Nani kakwambia hivyo?" fundi aliuliza.

"Mpiga pasi."

"Basi na mimi nitaanza kunyoosha suruali." Hakucheka. "Tarehe haizuii apdeti. Na apdeti ndiyo inayoziba matundu wanayopitia wezi. Kama ulihofia picha kuhama, kuna mahali pa kuufunga mpangilio. Tazama." Alibonyeza mara mbili. Mara mbili tu, jamani.

Nilirudi kwa mama nusu nikikimbia. Aibu ilinijaa hadi masikioni. Nilimkuta amekaa juu ya begi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, Bwana Pasi na tarehe nane na siku tisa.

Aliichukua simu mkononi mwangu, akaiweka kando yake.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Jumamosi, mama."

"Nilijua. Asubuhi sikuwasikia watoto wa shule wakipita. Nikasema moyoni, leo Jumamosi. Simu ikaniambia Alhamisi. Kila siku nilijua, na kila siku ilinikatalia. Nikaona basi, nimekwisha. Ndiyo maana sikumbishia kaka yako."

Nilimshika mikono nikamwomba msamaha. Sijui kama aliupokea.

Nje gari la kaka lilisimama. Mlango wake ulifungwa, kisha tukasikia hatua zake kwenye ngazi. Mama alisimama, akausukuma mlango ukafungika, akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Ufunguo wangu," alisema.

Nilimpa. Aliutia kwenye kitasa bila kupapasa, akauzungusha mara mbili, akamwacha mwanawe agonge.