Kibuyu cha Kandida

Bibi Hedwiga alikaa kwenye benchi la hospitali, kibuyu mapajani, nta iliyokiziba mdomo ikiwa bado nzima. Kandida, mdogo wake, alizikwa Jumamosi kule Nduruma, na Hedwiga hakwenda. Kulia pia hakulia. Tangu aletewe habari alipika, akafagia, akalala, kama mtu anayefanya kazi kwenye nyumba isiyo yake.

Kibuyu kilimfikia kutoka kwa Kandida mwaka ule walipogombea shamba la mama yao. Alikitikisa, akasikia mbegu zikicheza ndani, akaona anachekwa: shamba nimechukua, wewe baki na mbegu. Akaapa mbele ya ukoo kwamba hatakifungua kwa mkono wake. Na Hedwiga akiapa, ameapa.

Sasa alitaka kujua kilichomo, ili ajue kama aende kaburini au asiende.

"Bibi, hukuapa kutokipiga picha," mjukuu wake Rodrick alimwambia. Rodrick alikuwa mpiga picha za mionzi pale hospitalini Elerai, na mkubwa wake alimruhusu apitishe kibuyu kabla wagonjwa hawajaanza kuingia.

Alianza na eksirei. Kwenye kioo kikatokea kivuli cha kibuyu, nukta nyingi chini na ukungu katikati. Hedwiga akasema ni mbegu, si alijua, warudi nyumbani. Rodrick akamsihi asubiri. Picha ile, alimweleza, inalaza cha mbele juu ya cha nyuma, kama nguo zilizokunjwa ukizitazama kwenye mwanga. Siti skani inakizunguka kitu pande zote, kisha kompyuta inakikata vipande kama mkate, bila kisu.

Akakilaza kibuyu kwenye kitanda cha wagonjwa, akakiwekea mto, akakifunika shuka hadi shingoni.

Vipande vikapita kimoja kimoja. Chini zilionekana mbegu za kibuyu chenyewe, nyingine zimeganda ukutani.

"Huyu hakuwahi kujua kusafisha kibuyu," Hedwiga alisema.

Juu ya mbegu kulikuwa na uzi mwembamba, mara upo, mara haupo. Rodrick akaviunganisha vipande, na uzi ukasimama ukawa umbo: jani refu, lenye fundo katikati.

Hapakuwa na wa kumweleza mwenzake. Kwao Uchaggani anayeomba msamaha hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na anayepelekewa hakatai, hata liwe kosa gani.

Hedwiga alilitazama. Alingoja kitu kimpande kifuani, hakikupanda.

"Jani halina sauti," alisema. "Mimi nilisikia mbegu."

Rodrick akauliza kama akifungue yeye, ambaye hakuapa. Bibi akasema kitafunguliwa kulekule Nduruma, kaburini. Rodrick akaenda kuomba ruhusa ya kutoka kazini.

Njiani Hedwiga alimsimamisha penye ua wa isale, akashuka kumwomba mama mwenye ua jani moja. Mama yule hakuuliza la nini. Alichambua hadi akapata lisilo na doa, akalifuta vumbi kwa khanga yake.

Vidole vya Hedwiga vilikuwa vizito kama vya mtu mwingine. Fundo la kwanza likafunguka. Akalifunga tena, akarudi garini. Kibuyu kilikuwa kiti cha nyuma, Rodrick amekifunga mkanda.